Isale la Uongo

Eunike alimkuta Fabian pale pale alipojua atamkuta, juu kabisa ya kihamba, shamba la ukoo la baba yake Eunike, mahali migomba inapoishia na msitu unapoanza. Alikuwa amepiga magoti kando ya kisiki cheusi, akiokota vipande vya mizinga iliyoungua na kuvitia kwenye kiroba. Hakuinua kichwa. Na Eunike, aliyepanda mlima wote ule akipanga maneno yake na kuapa kwamba leo hatalia, alipouona tu ule mgongo na shati lililolowa jasho, machozi yakamjaa. Mapenzi hayana adabu hata kidogo. Yanakuja na mtu hata siku aliyotoka nyumbani kwenda kugombana.

"Fabian."

"Rudi nyumbani, Eunike. Wakikukuta hapa na mimi itakuwa kesi nyingine."

"Kuna kesi kubwa kuliko hii?"

Fabian alitupa kipande kingine kirobani. Kisiki kile mpaka juzi juzi kilikuwa mringaringa wa babu yake Eunike, mti mnene ambao watu wawili hawakuweza kuukumbatia, umebeba mizinga ya nyuki tangu Mzee Efraimu, baba yake, akiwa mtoto. Chini yake kulikuwa na uwanja mdogo wa majani, na katikati duara la mawe. Hapo ndipo Fabian, kijana wa Kibosho anayeongoza watu mlimani, alipokuwa akiwaleta vijana wa mjini Moshi kulala kwenye mahema mwisho wa wiki. Mzee Efraimu alimruhusu kwa shingo upande, na masharti yakawa machache: moto usiwashwe popote ila ndani ya mawe, na msiondoke ukiwa hai.

Masharti hayo Fabian hakuhitaji kupewa. Kwa mambo ya kambi alikuwa mkorofi kuliko mwalimu wa nidhamu. Vijana walimcheka. Aliwashusha mpaka na maganda ya machungwa kwenye mifuko yao. Mtu akikata tawi bichi, alimrudisha mjini siku hiyo hiyo. Na kambi haikuvunjwa mpaka amwage maji kwenye majivu, ayakoroge kwa kijiti, amwage tena, halafu alaze kiganja chake juu. Kiganja kikisikia joto hata kidogo, ndoo inarudi mtoni.

Sasa mtu huyo huyo alikuwa amesimama mbele ya Mzee Efraimu na kusema, "Ni mimi, baba. Moto sikuuzima vizuri." Basi. Moto ulikuwa umetambaa chini kwa chini kwenye majani makavu na mizizi, na siku ya pili, kambi ikiwa tupu, ukaibukia ndani ya mringaringa. Watu walikesha na ndoo. Msitu uliponea chupuchupu, lakini mti na nyuki havikupona.

"Wewe?" Eunike alimsogelea. "Wewe unayenigombeza nikidondosha karatasi ya pipi? Fabian, niangalie. Ni wale vijana wako, si ndiyo? Waliwasha moto mwingine huko vichakani, wewe unawakingia kifua."

"Usiwasingizie. Vijana walikuwa wameshashuka."

"Najua walikuwa wameshashuka! Nilikuwepo! Asubuhi ile nilikuwa hapa na wewe, tumekaa pale. Moto ulikuwa umezimika, niliuona kwa macho yangu."

Hapo ndipo Fabian alipoinua kichwa. Alimtazama, na hakuwa na hasira. Eunike angekuwa na nafuu kama angeona hasira. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu vilivyojaa majivu, kisha akarudi machoni na kubaki hapo.

"Mbona unaniangalia hivyo?"

"Basi tu. Labda baada ya leo sitapata nafasi."

"Usiseme hivyo, aisee. Unanitisha."

"Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie mtu kwamba ulikuwa hapa. Uliaga unaenda mazoezi ya kwaya. Ibaki hivyo hivyo."

"Kumbe mimi ni wa kufichwa."

"Sijasema hivyo."

"Umesema! Sasa hivi umesema!" Sauti ilimpanda, na hakuweza kuishusha tena. "Unajua nimekutetea kiasi gani? Baba mdogo Julius kila akija anauliza: ni yule Mkatoliki wa Kibosho? Ni yule ambaye leo yuko mlimani, kesho hajulikani aliko? Nimewajibu mpaka koo limekauka. Nimewaambia hakuna mtu mwangalifu kama wewe. Leo nikawaambie nini?"

Fabian alifunga kiroba kwa kamba, taratibu, akivuta fundo mara mbili.

"Waambie walikuwa sahihi," alisema.

Maneno yale yalimchoma. Eunike aligeuka akashuka bila kuaga, na migomba yote ilikuwa ukungu mtupu machoni pake.

* * *

Mchana wake Fabian alitarajiwa nyumbani kwa kina Eunike na isale.

Kwa Wachagga jambo hili halina mjadala. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale, lile jani refu la kijani tunalolipanda mipakani na makaburini, unalipokea. Awe amekuibia, awe amekutukana, awe amekuchomea mti wa baba yako, unalipokea na unasamehe. Hata Mzee Efraimu, mzee wa kanisa asiyekosa ibada ya Jumapili, kwa isale hakuwa na ujanja.

Ndiyo maana nyumbani kulipikwa. Mama yake Eunike alikuwa ndani akipanga vikombe kimya kimya. Eunike alijificha jikoni kwa Bibi, kile kijumba cha nyuma chenye mafiga matatu, kwa sababu moshi wa kuni ni kisingizio kizuri cha macho mekundu. Yeye alikulia kwenye jiko la gesi la nyumba kubwa, na siku hizi amepanga chumba Majengo, mjini Moshi, ambako anauza katika duka la dawa. Jiko la kuni alilijua kwa kukaa kando ya Bibi jioni, akisubiri ndizi ziive.

Bibi aliepua sufuria ya machalari, zile ndizi za nyama. Akasogeza makaa pamoja kwa kijiti, akayafunika na majivu, akaongeza udongo mkavu kidogo, akayapigapiga juu kwa mfuniko wa sufuria.

"Bibi, usizime. Chai ya wageni bado."

"Nazima nini? Naulaza tu. Wakifika naufukua."

"Unaufukua?"

"Sasa nimalize kuni za watu bure, moto unawaka hauna kazi?"

Eunike alicheka kidogo, ule mcheko wa mtu aliyetoka kulia. Kisha mcheko ukamkwama.

"Lakini ukishaufukia si umezimika?"

"Nani kakudanganya?" Bibi alimwangalia mjukuu wake aliyesoma mpaka chuo, akatikisa kichwa. "Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalala hapa kwangu. Kila jioni unaniona nafukia. Asubuhi unaamka uji umeiva. Ulidhani nina duka la viberiti?"

Akachukua kijiti akafukua kidogo tu. Chini ya majivu yale ya kijivu, yaliyotulia kabisa, makaa yalikuwa mekundu. Bibi akapuliza mara moja, yakang'aa.

Eunike aliyakodolea macho yale makaa.

Asubuhi ile kambini ilimrudia yote. Vijana wameshashuka na mizigo. Fabian kachukua ndoo kwenda mtoni. Yeye kabaki peke yake na makaa, na saa ya kwaya inakwenda, na anataka huyu mwanamume akirudi akae naye badala ya kuhangaika na majivu yake. Akasogeza makaa pamoja. Akayafunika na majivu, akaongeza udongo, akayapigapiga kwa mfuniko. Moshi ukakatika. Aliona fahari, kama mke aliye kwake.

"Nimeshazima, mpenzi," alimwambia aliporudi. "Weka ndoo chini, njoo ukae."

Fabian alitaka kwenda kwenye mawe. Alikumbuka kabisa jinsi alivyopiga hatua kuelekea kule mkono ukiwa umetangulia, na yeye akaudaka mkono ule akauvuta. "Huniamini?" Akakaa. Yale maji wakaoshea sufuria.

"Bibi," aliuliza, "mtu akifukua baadaye, anaweza kujua kwamba moto ulifukiwa?"

"Anaona udongo uko juu ya majivu. Mtu anayejua moto anajua."

Fabian anajua moto. Alifukua. Aliona, na akajua ni nani, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Halafu akaenda kwa Mzee Efraimu akasema ni mimi. Na leo pale kisikini aliambiwa anawakingia vijana kifua, na anayekingiwa kifua kasimama mbele yake anafoka.

Sitampamba Eunike zaidi ya alivyo. Wazo la kunyamaza lilimjia, tena lilimjia likiwa limevaa vizuri. Fabian mwenyewe kataka hivyo. Isale litapokelewa, mambo yataisha. Akisema, atasema yote: kwamba hakuwa kwaya, kwamba alimdanganya mama yake, kwamba alikuwa peke yake na mwanamume msituni kando ya hema. Binti wa mzee wa kanisa! Machame nzima ingejua kabla hawajamaliza kuosha vyombo. Alikaa pale kwenye kigoda, anataka kunyamaza, na anajidharau kwa kutaka.

Nje mbwa alibweka. Bibi akachukua kijiti.

"Wamefika," alisema, akaufukua moto wake.

* * *

Fabian alikuja na mjomba wake Thadeus, mtu mzima mwenye koti la suti na maneno mazuri. Ukumbini alikuwepo Mzee Efraimu kwenye kiti chake, na mdogo wake, Julius, pembeni, amekunja nne. Eunike alisimama nyuma ya mlango wa ndani na chupa ya chai. Alimwona Fabian kwa upenyo. Alikuwa amenyoa na kuvaa shati jeupe, lakini masizi hayakutoka mikononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mjomba Thadeus alisema yanayosemwa. Kwamba kijana amekosa. Kwamba hakuna malipo ya mti wa mzazi. Kwamba wamekuja mikono mitupu isipokuwa hiki. Fabian akapiga magoti, akalitoa isale kwa mikono miwili.

Mzee Efraimu alilitazama jani lile kwa muda. Mashavu yalimcheza.

"Baba yangu alinibeba mabegani kuangalia mizinga ile," alisema. "Nilikuwa sijaanza shule." Kisha akanyoosha mkono akalipokea. "Nimesamehe. Mungu ni shahidi, na mdogo wangu huyu ni shahidi. Mti sitaudai tena."

"Aika, mzee," alisema mjomba Thadeus. "Aika, asante sana."

"Lakini ngojeni. Lile jambo jingine mlilokuwa mnataka kulileta baada ya mavuno." Hakuitaja posa kwa jina lake. "Msililete. Moto nimesamehe. Binti yangu simpi mtu aliyeondoka kambini bila kugusa majivu yake, halafu hawezi hata kunieleza kwa nini."

"Ndilo nililosema tangu mwanzo, kaka," Julius alidakia.

Mjomba Thadeus alimgeukia Fabian, anasubiri ajitetee. Fabian alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sawa, baba," alisema Fabian. "Nimekuelewa."

Hiyo "sawa" ndiyo iliyommaliza Eunike. Aliweka chupa ya chai sakafuni. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita jikoni kwa Bibi bila kusema, akaenda mpaka mpakani ambako masale yamepandwa mstari. Akavunja moja. Akarudi mbio, akaingia ukumbini na kandambili za jikoni, kitambaa kimemtoka kichwani, akapiga magoti pale pale Fabian alipokuwa amepiga, bega kwa bega naye.

"Baba, hilo ulilopewa si lake. Pokea langu."

"Eunike, nyanyuka," Fabian alinong'ona. "Tafadhali."

"Niache. Baba, moto niliufukia mimi. Niliufukia kama Bibi anavyofukia jikoni, nikadhani nimeuzima. Alikuja na ndoo ya maji, nikamwambia haina haja. Alitaka kwenda kugusa, nikamzuia."

Mama yake alikuwa ametokea mlangoni, mkono mdomoni.

"Ulikuwa kule?" aliuliza Mzee Efraimu. "Asubuhi ya kwaya?"

"Nilikuwa kule, baba."

"Na vijana?"

"Walikuwa wameshashuka. Tulikuwa wawili."

"Mbele ya watu!" Julius alipiga paja. "Binti wa mzee wa kanisa anasema mbele ya watu kwamba…"

"Julius, nyamaza." Mzee Efraimu hakumwangalia. "Mlifanya nini huko wawili?"

Uso ulimwaka Eunike mpaka masikioni. "Tulikaa, baba. Tuliongea. Nilimshika mkono. Na nilikudanganya wewe na mama. Hayo ndiyo yote, sina mengine."

Mzee alimgeukia Fabian. "Ulijua?"

"Nilijua nilipofukua."

"Ukaja kuniletea jani."

"Baba, moto wa kambi ni wa mwenye kambi," Fabian alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie aliinua macho. "Hata angeufukia nani, kugusa majivu ni kazi yangu. Sikugusa. Kwa hilo nilikuja kuomba msamaha kweli. Hilo la Eunike niliona nikilisema nitamvunjia heshima yake hapa nyumbani."

"Heshima yake," Mzee Efraimu alirudia polepole.

Akanyoosha mkono, akalichukua isale la Eunike. Hakuwa na namna. Lakini alilichukua bila kumtazama, na Eunike akaelewa kwamba kuna kusamehewa kunakouma kuliko kupigwa. Alikuwa ndiye mtoto anayeaminiwa katika nyumba ile. Mpaka saa ile.

"Nimesamehe," alisema baba yake. "Kesho utamweleza mwenyewe mwalimu wa kwaya ulikokuwa. Mimi sitakusemea. Na kwa sasa usinisemeshe."

Kisha akachukua lile jani la kwanza lililokuwa pajani pake, akamrudishia Fabian.

Mjomba Thadeus aliguna. Haijawahi kuonekana, isale kurudishwa.

"Hili ni la uongo nusu," alisema Mzee Efraimu. "La uongo sikai nalo ndani ya nyumba. Chukua, nenda nalo. Siku ukiniletea la kweli, usije na mjomba wako. Uje na baba yako."

Kila mtu aliyapima maneno yale. Julius ndiye aliyemaliza kuyapima wa kwanza.

"Kaka! Aje na baba yake? Si ndiyo posa hiyo? Watu hawa hata si wa kanisa letu…"

"Nimesema aje na baba yake. Sijasema nitamjibu nini." Mzee Efraimu alisimama, akaingia chumbani, akafunga mlango.

* * *

Eunike aliwasindikiza mpaka getini kwa sababu hakuna aliyemkataza. Mjomba Thadeus, mtu mwenye busara zake, alitangulia njiani akijifanya anasoma simu.

Walisimama kando ya masale. Fabian alikuwa na jani lake mkononi, hajui alipeleke wapi.

"Nilikwambia nyamaza," alisema.

"Ulitaka niolewe na mtu mwingine huku najua?"

"Nilitaka usiaibike."

"Nimeaibika. Niko hapa." Alijifuta pua kwa ncha ya khanga. "Nisamehe ya asubuhi. Nilikufokea na kosa ni langu."

"Nusu."

"Fabian, kwa nini hukugusa? Unagusa kila siku. Hata ningekwambia nini, ungeweza kugusa tu sekunde moja."

Fabian alifungua kiganja cha kulia, kile chenye masizi yasiyotoka. Alikiangalia yeye kwanza, kisha akamwonyesha.

"Ninapimia mkono huu," alisema. "Ulikuwa umeushika wewe."

Eunike aliutaka mkono ule wakati huo kuliko alivyowahi kuutaka. Ulikuwa hapo, wazi, hatua moja tu. Pazia la chumba cha baba yake lilikuwa limesogea kidogo. Akaiingiza mikono yake ndani ya khanga, akaikaza.

"Nenda," alisema. "Ukija na baba yako nitaushika mbele yao wote."

"Na wakikataa?"

"Nenda, Fabian. Giza litawakuta njiani."

Akashuka na jani lake, na hakugeuka mpaka alipoupita mgomba wa mwisho. Hapo aligeuka. Eunike alimwangalia mpaka shati jeupe lilipopotea, kisha akarudi ndani, ambako hakuna aliyekuwa akizungumza naye, akaanza kukusanya vikombe.